Miezi Niliyojifanya Sijui Kazi

Wadogo zangu wa kiwandani, siku mliponiaga mlinipa kiti cha kupumzikia, saa ya ukutani na kalamu. Kiti nimekikalia, saa imeshasimama, kalamu ndiyo hii. Mliniomba niandike njia yangu ya kufundisha, kwa sababu, mlisema, mtu aliyepita mikononi mwangu hasahau kazi hata akitaka. Mkubwa wenu mpya akaongeza kwamba ingefaa yawe mambo kumi, yamepangwa kwa namba. Mambo kumi sina. Nina habari moja tu, na hata hiyo sijaielewa vizuri, ingawa nimekaa nayo tangu enzi zile Katanga ilipojitenga. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayevitaka aende ofisini, faili langu liko kule pamoja na panya wake.

Nilianza kazi pale kiwandani Panda nikiwa na miaka ishirini, katika jengo la povu. Wengi wenu mmekuta mashine mpya, kwa hiyo nieleze. Jiwe lenye shaba lilisagwa na maji mpaka likawa uji, uji ukaingia kwenye matangi kumi na mawili yaliyopangwa mstari mmoja. Ndani ya tangi mashine ilikoroga na kupuliza hewa, na juu yake yakadondoka mafuta ya mawese yaliyopikwa na soda. Ndiyo, mawese haya haya ya kuungia mboga ya sombe. Mafuta yanashika unga wa kijani wa shaba, hewa inaupandisha, povu linamwagika ukingoni na shaba yake, na udongo mtupu unatokea chini kwenda kutupwa. Mafuta yakipungua, shaba inatupwa pamoja na udongo. Yakizidi, povu linabeba udongo na shaba pamoja, na mmesaga mawe bure. Kazi yetu yote ilikuwa kujua yadondoke kiasi gani. Kwenye chungu cha kupikia walitia na mazutu kidogo, mafuta ya lori. Wazungu walisema ni kwa ajili ya kazi, wake zetu walisema ni kwa ajili ya kutuzuia kuyabeba nyumbani.

Mimi nilitoka shule ya ufundi ya kampi ya wafanyakazi na kayé tatu, daftari zilizojaa mwandiko mzuri. Nilikuwa wa kwanza darasani. Ningeweza kukutajia kwa Kifaransa, macho nimefumba, matone mangapi kwa uzito gani wa jiwe. Siku ya kwanza niliingia na kayé zangu kwapani, nimevaa shati jeupe. Shati jeupe, jamani, kwenye jengo la povu! Mtacheka, na mna haki.

Nilikabidhiwa kwa Papa Mbuyi. Alikuwa mtu wa Kasai, jimbo la jirani, anakaribia miaka hamsini, mfupi, mwenye vidole vya kijani visivyotakata hata Jumapili kanisani. Alikuwa pale tangu mimi sijazaliwa. Kwenye karatasi aliandikwa msaidizi. Mkuu wa zamu kwenye karatasi alikuwa Mzungu mmoja aliyekaa ndani ya kibanda cha vioo akisoma mita, na kila povu lilipoharibika alichungulia mlangoni akaita, “Mbuyi!” kisha akarudi kwenye kiti chake.

Papa Mbuyi alizitazama kayé zangu.

“Hii iko nini?”

“Ni kazi ya povu, Papa. Walituandikisha yote.”

Akafungua moja, akaipeleka puani, akanirudishia. “Haiko na harufu ya mafuta,” akasema. “Bon. Leo weye njo mukubwa wa povu. Minye naenda kula.”

Nilidhani anatania. Akaenda kweli. Nikafungua kayé, nikasoma, nikashika robine, ile koki ndogo ya shaba inayodondosha mafuta, nikaiweka sawasawa na jedwali langu. Jedwali liliandikwa na mtu aliyejua mafuta ya mwaka mwingine na jiwe la shimo lingine, lakini hilo nani aliniambia? Baada ya robo saa povu lilipanda, zito, la kahawia, likavuka ukingo, likashuka ngazi, likaingia kwenye viatu vyangu. Wenzangu waliacha kazi ili wacheke vizuri. Papa Mbuyi alirudi anatafuna, akatazama, hakucheka wala hakugomba. Akanipa koleo.

“Beba.”

Nilibeba povu lile kwa koleo mpaka saa kumi. Mabega yaliwaka. Shati lile mama yangu alilifanya kitambaa cha kufutia sufuria. Kesho yake asubuhi, povu likiwa zuri, Papa Mbuyi alinipa tena koleo, akaniambia nichote kidogo.

“Ya jana ilikuwa na uzito namna gani?”

“Nzito sana, Papa. Kama bukari ya siku mbili,” nikasema, nikiwaza ugali uliolala.

“Na hii?”

“Hii nyepesi. Inatikisika.”

“Haya. Andika ile mu kayé yako, kama utaweza.”

Sikuweza, na mpaka leo siwezi. Lakini uzito ule uko mabegani mwangu. Mkinipa koleo sasa hivi, na uzee huu, nitawaambia mafuta yamezidi au la. Hivyo ndivyo alivyonifundisha. Hakuwa na maneno mengi. Alifunika mita kwa kitambaa, akauliza, “Unaona nini?” Hakuuliza hata siku moja, “Unajua nini?” Alikuwa na sahani nyeupe ya bati, ya kulia chakula, ambayo alichotea udongo unaotupwa, akauosha kwa maji kidogo akiinamisha sahani huku na huku, na kama kulibaki mstari wa kijani ukingoni, alijua tunatupa shaba. Aliharibu mpangilio wa robine makusudi, akaondoka, akaniacha nitafute kosa liko wapi. Na pipa jipya la mawese lilipofika, kabla halijapikwa, alichovya kidole akaonja. Mawese yaliyochacha yanataka soda zaidi, na ulimi wake uliyajua kabla ya mtu wa maabara kuvaa koti lake. Mara ya kwanza aliponitaka nionje nilikataa. Mara ya pili nilionja nikatema. Ya tatu nikasema, “Hii imechacha kidogo,” naye akaniangalia kwa furaha ambayo sijawahi kuipata kwa mwalimu mwingine.

Ninyi mliokwenda kunishitaki kwa mkubwa kwamba nimewafunikia mita, na wewe uliyeandika barua kwamba mzee anawalazimisha watu kuonja dawa za kiwanda, sasa mnajua nilikoyatoa.

Halafu mambo yakavurugika. Tulipata uhuru tukaimba, na kabla midomo haijazoea kusema Congo huru, tukaambiwa sisi si Congo tena, sisi ni Katanga, na bendera ni hii yenye misalaba mitatu ya shaba. Nilipiga makofi mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwa mambo mawili yanayopingana, na mara zote mbili nilipiga kwa moyo wote. Wazungu walipakia familia zao kwenye magari wakakimbilia Rhodesia. Wengine wakarudi baada ya wiki mbili kuulizia mbwa wao. Yule wa kibanda cha vioo hakurudi. Kiti chake kilikaa wazi, sisi tukakizunguka, hakuna aliyethubutu kukikalia. Wanajeshi walikuja, wengine weupe, wengine weusi, na mimi nilikuwa nawaamkia wote kwa heshima moja, maana sikujua ni nani wa nani.

Kwetu sisi wa povu, vurugu zile zilifika kwa njia ya pipa. Mawese yalikuwa yanatoka Kasai na kaskazini kwa gari moshi, na njia ile ilikatika. Yakaanza kuja kwa kuzunguka, kutoka hapa na pale, leo mabichi, kesho yamechacha mpaka yanakwaruza koo. Jedwali halikufaa tena hata kwa kufungia karanga. Wakati ule ndipo mkubwa wa kiwanda alipogundua kwamba jengo zima linasimama juu ya ulimi wa Papa Mbuyi. Mkubwa huyo alikuwa Mzungu mrefu mkavu, tulimwita Bwana Kilometa kwa sababu alitembea kutwa kutoka mwisho mmoja wa kiwanda hadi mwingine akikunja mikono mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo halafu nasita, lakini naliacha.

Ikaja orodha. Watu wa Kasai, tulioishi nao ukuta kwa ukuta, tuliowaazima chumvi na kuwabatizia watoto, wakaanza kuitwa wageni. Ilianza kwa minong'ono bombani, ikaingia kanisani, ikafika kwa shefu, mkuu wa kampi, kama karatasi yenye majina. Waliokuwa kwenye karatasi ile walipewa lori na siku ya kuondoka Katanga. Mimi ni mtu wa hapa, baba yangu wa Kambove, babu yangu wa Kambove. Hakuna aliyeniuliza kitu. Niliona nyumba zinafungwa, nikasema moyoni labda kuna sababu nisiyoijua. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Jina la Papa Mbuyi lilikuwemo. Bwana Kilometa alimwandikia karatasi nyingine: huyu abaki na familia yake mpaka apatikane mtu wa kushika kazi yake. Kisha akaniita mimi kwenye ofisi, akaongea Kiswahili chake cha jikoni.

“Donatien, weye najifunza muzuri?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Siku weye najua yote, weye nasema minye. Mbuyi nakwenda, weye nakaa. Nasikia?”

Nilisikia. Kila nilichokuwa najifunza, basi, kilikuwa kinamsogeza yule mzee karibu na lori, na mwenye kunifundisha ni yeye mwenyewe, kwa bidii, kila siku, tangu saa kumi na mbili za asubuhi.

Mke wake, Mama Ngalula, ndiye aliyenikamata siku ile ile, niko njiani kwenda nyumbani. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya chini, na alikuwa mjamzito. Mimi nilikula kwake mara nyingi kuliko kwa mama yangu.

“Mwana, Bwana alikuambia nini?”

Nikamwambia yote. Kumficha yule mama ulikuwa ni upotevu wa wakati. Akahesabu kwa vidole.

“Mimba iko na miezi tano. Batoto yangu mbili ilikufia mu njia ya kuzaliwa, unajua ile?”

“Najua, Mama.”

“Ya tatu ilipona ju ya masœur wa hapa, sista wa ku materniti ya kampi. Anajua mwili yangu. Mu lori, mu njia, nani atanisaidia?” Akanishika mkono. “Usijue mbio, mwana wangu. Bakia mujinga mupaka nizale. Kiisha ujue yote, sisi tutaenda.”

“Na Papa?”

“Usimuambie. Ile muntu haijue kudanganya. Akijua, uso yake itasema.”

Nikakubali. Miezi minne ya ujinga, nani atashindwa? Nilikuwa kijana, nilidhani ujinga ni jambo rahisi.

Kesho yake nikaanza. Papa Mbuyi aliniuliza povu likoje, nikasema zuri, na lilikuwa baya. Alinipa kidole cha mawese, nikasema mabichi, na yalikuwa yamechacha. Lakini, wadogo zangu, hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa mara ya kwanza. Sikuweza kukosea ovyo. Nikiharibu sana, povu lote linakufa, kiwanda kinasimama, Bwana Kilometa anaona bora atafute mtu mwingine wa haraka. Nikikosea kidogo mno, anadhani nimeshajua. Ilibidi nifungue robine zaidi kwa upana wa ukucha, si zaidi, na nijue povu litaharibika baada ya dakika ngapi, na nani atakuwa anapita. Ili nikosee vizuri ilibidi nijue kazi kuliko mtu anayeifanya sawasawa. Shule ya ufundi haikunifundisha hivyo, na Papa Mbuyi naye hakunifundisha hivyo. Nilijifunza kwa kudanganya, mwezi baada ya mwezi, mpaka nikawa naota robine.

Jambo la pili sikulitegemea. Papa Mbuyi aliumia. Mwanzoni alinivumilia, akadhani ni hofu ya mambo ya nchi. Kisha akaanza kuniangalia kama mtu anayeangalia ufunguo uliokataa kufungua. Siku moja, tukiwa tumekaa nje ya jengo tunakula, alitua kipande chake cha mkate.

“Mwepu,” aliniita kwa jina la nyumbani, “mbele ulikuwa unaona. Sasa hauone tena. Minye nilifanya nini?”

“Hapana, Papa, ni kichwa yangu tu.”

“Hapana kichwa yako. Kichwa yako iko muzuri.” Akatazama vidole vyake. “Labda minye njo sijue kufundisha. Bazungu bako na masomo, bako na ubao. Minye niko na sahani.”

Moyo uliniuma, nasema kweli. Nilitaka kupasuka nimwambie pale pale. Nikamkumbuka mke wake, nikajaza mkate mdomoni. Kuanzia siku ile akaanza kunifundisha upya toka mwanzo, na kwa nguvu mpya, kana kwamba deni la ujinga wangu ni lake. Alishika mkono wangu akaulaza kwenye ubavu wa tangi nisikie mtikisiko. Alinifunga macho kwa leso nitambue povu kwa sauti, maana povu zuri linachemka kwa sauti ndogo, na baya linapasuka pasuka. Jumapili alileta ile sahani nyumbani kwetu, na ndoo ya udongo, mama yangu akadhani mzee amepata wazimu. Kwa hiyo nikawa nazidi kujua, kwa sababu nilijifanya sijui. Na kila nilivyozidi kujua ndivyo ilivyonigharimu zaidi kujifanya. Nani alikuwa anamdanganya nani pale? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara napata jibu tofauti.

Mama Ngalula alikuwa akipita karibu na lango la kiwanda akinionyesha vidole: miezi miwili. Mwezi mmoja na nusu. Mwezi. Tulikuwa tunafaulu. Bwana Kilometa alikuwa akiniuliza kila wiki, nami nilikuwa nikiinamisha kichwa nikisema, “Bado kidogo, Bwana,” naye akiondoka anatikisa kichwa, pengine akifikiria mambo fulani kuhusu watu weusi, na mimi nilimwachia afikirie.

Zilibaki wiki tatu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia kwenye madirisha ya juu, Papa Mbuyi ameenda kwenye mapipa mapya yaliyoteremshwa uani, moja likiwa limeshapikwa na zamu ya usiku. Bwana Kilometa akaingia na wageni wawili wenye tai, watu wa serikali ya Katanga, weusi wote wawili, waliokuja kuona kiwanda. Akasimama nao kwenye tangi la nne, mbele yangu.

“Na huyu,” akawaambia, “miezi saba anajifunza. Donatien! Sasa weye najua?”

“Bado, Bwana,” nikasema. “Kazi hii nguvu sana. Povu inabadilika kila siku, mafuta nayo inabadilika. Minye sijue bado. Muzee Mbuyi njo anajua.”

Nilisema hayo nikimtazama usoni kwa adabu, kama nilivyozoea. Nikaongeza kwamba labda mwakani. Nilikuwa nasema vizuri sana. Lakini nilikuwa nimesikia sauti ya tangi la nne inabadilika, ile ya kupasuka pasuka, na wakati mdomo wangu unasema sijui, mkono wa kulia ulikuwa umeshapunguza robine ya mafuta. Mkono wa kushoto ukafungua koki ya soda iliyokuwa kando yake. Halafu nikachota udongo kwa sahani, nikauosha, nikauinamisha, mstari wa kijani ukaonekana, nikafungua soda tena kidogo. Yote hayo bila kujitambua, nikiendelea kumweleza Bwana jinsi nilivyo mzito wa kuelewa. Povu likatulia. Likawa jepesi, la kijani, likaanza kumwagika ukingoni kama inavyotakiwa.

Mgeni mmoja alikuwa haangalii uso wangu. Alikuwa anaangalia chini.

“Na mikono yake,” akasema, “inafanya nini?”

Bwana Kilometa naye akaangalia. Nami nikaangalia, na nilishangaa kama wao. Sahani ilikuwa mkononi mwangu. Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Kwa miezi mitatu nilichunga ulimi wangu, nikachunga macho yangu, lakini mikono sikufikiria hata kidogo kama inahitaji kuchungwa.

Wakati ule ule Papa Mbuyi akaingia kutoka uani, midomo myekundu kwa mawese, anakimbia kidogo, anasema kwa sauti, “Mwepu! Punguza tangi ya ine, pipa ya leo imechacha!” Akafika, akaliona povu. Akaiona sahani. Hakuuliza Bwana anafanya nini pale, hakuwatazama wenye tai. Uso wake ulifunguka wote.

“Ameona mwenyewe!” akamwambia Bwana Kilometa, akanipiga mgongoni, akapiga makofi. “Bwana, unaona? Minye sikuwa hapa! Ameona mwenyewe! Sasa anajua!”

Mzee yule ndiye aliyelisema neno lile, kwa kinywa chake. Hakulifikiria? Au alilifikiria, na furaha ikawa kubwa kuliko lori? Nimefundisha watu miaka thelathini na kitu, na mwanafunzi anaposhika kazi mbele ya macho yangu mimi pia husahau kila kitu kwa dakika moja hivi. Kwa hiyo nadhani hakufikiria. Siku nyingine nadhani alifikiria.

Bwana Kilometa aliniambia, “Muzuri sana,” na akatoa kalamu.

Papa Mbuyi na mke wake niliwatafuta baadaye, nawaambia sasa ili msikae mkingoja habari njema mwishoni. Nchi ilipounganishwa tena niliuliza kila mtu aliyetoka Kasai. Mmoja aliniambia Mama Ngalula alijifungua mtoto wa kike njiani, na kwamba mtoto huyo ni hodari. Mwingine aliniambia hakuna aliyepona, wala mama wala mtoto. Wa tatu alisema nachanganya watu, huyo Mbuyi anayemjua yeye alikuwa mrefu. Nimekaa na habari zote tatu.

Lori lenyewe lilikuja siku nne baada ya kalamu ile, saa nne asubuhi. Nilikwenda kuwasaidia kupakia: kitanda, sufuria, cherehani, mtoto wao wa miaka sita amekaa juu ya godoro. Majirani walikuwa ndani ya nyumba zao, mapazia yanatikisika. Nilishindwa kuvumilia. Papa Mbuyi alipokuwa anafunga kamba, nikamwambia.

“Papa, nisamehe. Minye nilijua tokea zamani. Nilikuwa nakosea kusudi, ju Bwana asikufukuze mbele Mama hajazala.”

Aliacha kamba.

“Kusudi?”

“Ndiyo, Papa.”

“Tokea lini ulijua?”

“Tokea mwezi wa ine wa kazi. Yote. Mafuta, sahani, sauti ya tangi.”

Nilingoja anitukane, au alie. Akahesabu kwa vidole vyake vya kijani, akarudia kuhesabu, kisha akageuka akapanda lori kwa mguu mmoja, akamwita mke wake aliyekuwa amekaa mbele na tumbo lake.

“Ngalula! Unasikia? Miezi ine! Minye mwenyewe nilimaliza myaka mbili, huyu miezi ine tu!” Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. “Nilifikiri nimezeeka, sijue tena kufundisha. Miezi ine, Ngalula!”

Mama Ngalula hakucheka. Alinitazama mimi, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli.

“Na ju ya nini haukukosea siku ile moja?”

Nikaishika ile kamba, nikaimalizia kuifunga. Dereva akawasha lori, Papa Mbuyi akanipungia mkono huku bado anacheka na kulia, yeye mama akageuza uso mbele, wakapinda kwenye kona ya kanisa.

Zamu yangu siku ile ilianza saa nane mchana. Niliingia, nikafunika mita, nikashika robine. Povu lilikuwa la kijani, jepesi, kwenye matangi yote kumi na mawili. Nilijaribu kukosea, mara moja tu, nione kama ingewezekana, na mikono ikakataa.